Rangi ya mafuta, kalotaipu au kolodioni? Njia tatu za Uskoti za kuonyesha umbo la mwanamume

Ukizitazama picha za wanaume zilizotengenezwa Edinburgh na Glasgow kati ya miaka ya 1780 na 1870, utakutana na miili ya aina tatu. Kuna mwili wa Henry Raeburn, mchoraji wa rangi ya mafuta: mkubwa, umesimama wima, mwanga umeangukia paji la uso na goti, nyuma kumeachwa giza. Kuna wa David Octavius Hill na Robert Adamson, wapigapicha wa kalotaipu, yaani picha ya kamera inayonaswa kwenye karatasi: umeegemea kitu, nusu yake imezama kivulini, kingo zake hazina ukali. Na kuna wa wapigapicha wa kolodioni (kimiminika chenye etha kinachopakwa juu ya kioo ili kishike fedha inayonasa picha), akina Thomas Annan wa Glasgow, ambao kila kifungo na kila kunyanzi kinahesabika.

Msanii anayetaka kufanya kazi kwa jadi hiyo leo hana budi kuanza na mmoja wapo. Vifaa, kemikali na mazoea ya njia moja havikusaidii sana kwenye nyingine, na anayejaribu zote tatu kwa pamoja humaliza mwaka akiwa na kanvasi moja yenye nyufa na chupa kadhaa za nitrati ya fedha iliyoharibika.

Dagerotaipu, yaani picha inayonaswa juu ya bamba lililopakwa fedha, tumeiacha nje kwa makusudi. Ilifika Uskoti mapema (James Howie alifungua studio yake Princes Street, Edinburgh, mwaka 1841) lakini kwa utaratibu wake wa asili picha huibuliwa kwa mvuke wa zebaki iliyopashwa moto. Hilo si jambo la kujifunzia nyumbani.

Vigezo

Cha kwanza, na kizito kuliko vingine, ni mkao: nani anabeba mzigo wa kutulia, na kwa muda gani? Watu hudhani mikao ya picha za zamani ilitokana na haya au heshima ya enzi zile. Sehemu yake, ndiyo. Sehemu kubwa zaidi ilitokana na saa. Mwanamume aliyeweka kiwiko juu ya pipa alifanya hivyo kwa sababu bila pipa angetikisika.

Cha pili ni ngozi na nguo: njia hii inaona nini na haioni nini? Cha tatu, vifaa na hatua. Cha nne, mambo yanayoharibika na sababu zake. Cha mwisho, idadi ya nakala utakazopata. Uzuri haumo kwenye orodha. Zote tatu zimetoa kazi nzuri kupita kiasi, na kila moja imetoa takataka pia.

Rangi ya mafuta, kwa mwendo wa Raeburn

*Mkao.* Raeburn (1756–1823) alianza maisha kama mwanagenzi wa sonara. Alipogeukia picha za watu, hakuwa na desturi ya kuchora kwanza kwa penseli; alishika brashi na kuanza. Aliyechorwa alikuja mara 4 au 5, kila mara kwa saa moja na nusu hivi hadi mbili. Katika muda huo aliweza kuongea, kunyoosha miguu, kwenda zake na kurudi siku nyingine. Mkao unaouona kwenye kanvasi haukushikiliwa mfululizo hata siku moja, na hapo ndipo penye uhuru wa njia hii. Kanali Alastair Macdonell wa Glengarry (1812) amesimama ukumbini na bunduki yake, uzito wa mwili umetulia miguuni, hakuna dalili ya mtu aliyechoka kusubiri. Mchungaji Robert Walker anateleza juu ya barafu ya Duddingston Loch, mguu mmoja nyuma, mikono imefumbatwa kifuani. Mkao kama huo kamera za miaka ya 1840 zisingeuweza kabisa. (Picha hiyo ya mchungaji imehesabiwa kuwa ya Raeburn kwa muda mrefu, tangu 2005 wapo wataalamu wanaosema ni ya Henri-Pierre Danloux. Kwa mafunzo ya mkao, ubishi huo haukupunguzii kitu.)

*Ngozi na nguo.* Unaona kila rangi, kwa hiyo tatani nyekundu (kitambaa cha Kiskoti cha mistari inayokatana) inabaki nyekundu na uso uliochomwa na upepo unabaki na wekundu wake. Ngozi nyeusi haina shida yoyote ya kiufundi hapa, ila kumbuka kwamba sehemu zinazong'aa juu yake huchukua rangi ya mbingu au ya ukuta ulio mbele. Nyeusi ya mfupa ikichanganywa na nyeupe hutoa kijivu chenye ubluu, na hicho ndicho kinachohitajika kwenye paji la uso na mfupa wa shavu. Ukitumia nyeupe tupu, uso utaonekana umepakwa unga.

*Vifaa na hatua.* Kwa kichwa na mabega tumia kanvasi ya sentimita 76 kwa 63. Kwa mwili hadi magotini, 127 kwa 102. Mwili mzima wa ukubwa halisi unadai karibu mita 2.4 kwa 1.5, na usianze na huo. Paka msingi wa kijivu cha kati, uache ukauke. Rangi tano zinatosha: nyeupe, okra ya njano, nyekundu ya kadimiamu, amba iliyochomwa, nyeusi ya mfupa.

Sasa siri ya mwendo wenyewe. Weka kanvasi ubavuni mwa anayechorwa, si mbele yako, ili jicho lione uso wa kweli na uso wa rangi kwa mtazamo mmoja. Rudi nyuma. Tazama. Tembea mbele, weka pigo moja au mawili, rudi nyuma tena. Kwa kichwa, mita 3 zinatosha. Kwa mwili mzima unahitaji umbali wa mara tatu ya kimo cha mtu, yaani zaidi ya mita 5. Anza na paji la uso, kidevu, pua na mdomo kwa mapigo mapana ya brashi bapa. Macho yaje baadaye, yakishajua pa kukaa.

Studio ya Raeburn huko York Place ilikuwa na dirisha refu la kaskazini lenye vibao vya kufungua na kufunga, hivyo aliamua mwanga uingie kutoka juu kiasi gani. Ukiwa na dirisha la kawaida, funika nusu yake ya chini kwa kitambaa kizito hadi kimo cha mita moja na nusu. Lakini ushauri wa dirisha la kaskazini ni wa Uskoti. Karibu na ikweta jua hupita upande wa kaskazini katikati ya mwaka na upande wa kusini mwishoni mwa mwaka. Anayefanya kazi Dodoma au Nairobi atumie dirisha la kusini mwezi Juni na la kaskazini mwezi Desemba, la sivyo mwanga utahama kila nusu saa.

*Kinachoharibika.* Kosa la kwanza ni kusimama karibu mno: kichwa hukua, miguu hufupika, na mtu mwenye kimo cha vichwa saba na nusu hugeuka wa vichwa sita. La pili ni miguu kuhama baada ya mapumziko. Aliyesimama apumzike dakika 5 kila baada ya dakika 20, na kabla hajashuka chora kwa chaki mstari kuzunguka viatu vyake. La tatu ni kupaka safu yenye mafuta kidogo juu ya yenye mafuta mengi. Ya juu hukauka kwanza, ya chini ikiendelea kujinyoosha huipasua. La nne ni lami. David Wilkie na wengine wa kizazi chake walipenda weusi wenye joto wa lami ya rangi, ambayo haikauki sawasawa, na vivuli vyao vimepasuka vipande vipande kama ngozi ya mamba. Amba na nyeusi hukupa kivuli hichohicho bila adhabu.

Kuhusu kilti, sketi ya tatani ya wanaume wa Kiskoti: usipake mistari ya tatani kabla ya mikunjo. Weka kwanza rangi ya msingi na vivuli vya mikunjo, kisha pitisha mistari ikipinda pamoja nayo. Ukienda kinyume, nyonga na mapaja hupotea na unabaki na meza iliyofunikwa kitambaa.

*Nakala.* Moja. Saa 6 hadi 10 za kumtazama mtu, kisha subiri walau miezi 6 kabla ya vanishi.

Inamfaa mwenye subira, mwenye chumba kirefu, na mwenye mtu anayekubali kurudi mara kadhaa.

Kalotaipu, kwa mwendo wa Hill na Adamson

William Henry Fox Talbot alisajili hataza ya kalotaipu Uingereza mwaka 1841, lakini hataza hiyo haikufika Uskoti. David Brewster, mwanafizikia wa St Andrews na rafiki wa Talbot, alisambaza habari kwa watu wake, na Waskoti wakaitumia bila kulipa ada. Mwezi Mei 1843 mamia ya wachungaji walijitenga na Kanisa la Uskoti. Hill, mchoraji wa mandhari mzaliwa wa Perth, alitaka kuwachora wote kwenye picha moja. Brewster akamshauri atumie kamera, akamkutanisha na Robert Adamson, kijana wa miaka 22. Kazi yao ya pamoja haikutimiza miaka mitano, kwa sababu Adamson alifariki Januari 1848. Negativi walizoacha (picha zenye mwanga na giza vilivyobadilishana, za kuchapia nakala) ni kama 3,000.

*Mkao.* Hapa mzigo wote uko mwilini mwa anayepigwa. Hesabu dakika moja hadi kadhaa juani. Picha zote, hata zinazoonekana kuwa za ndani, zilipigwa nje, nyingi kwenye bustani ya Rock House, studio yao iliyoko Calton Hill, Edinburgh. Viti, mapazia na vitabu vilitolewa nje. Tazama jinsi walivyolitatua tatizo la kutikisika. Hugh Miller, mwandishi wa gazeti aliyewahi kuwa mwashi, amewekwa na nyundo ya mbao, mkono umetulia juu ya jiwe. Sandy Linton, mvuvi wa Newhaven, ameegemea mashua yake iliyovutwa nchi kavu na wanawe wamekaa chini yake. Willie Liston ameinamia kamba yake ya kuvulia. Kila mmoja ana sehemu tatu za mwili zinazogusa kitu kisichosogea. Hiyo ndiyo kanuni ya kuchukua: pointi tatu, na mojawapo iwe karibu na kichwa. Mkono shavuni, kichwa ukutani, kidevu juu ya fimbo.

Kwa sababu hiyo, kalotaipu humwonyesha vizuri mwanamume pamoja na kazi yake kuliko mwanamume peke yake. Nyundo, mashua, kamba na mtumbwi ni nguzo za mwili kabla ya kuwa alama za kazi. Mwili uchi haupo kwenye jadi hii isipokuwa kwa nadra mno. Ukiutaka, itabidi umlaze au umkalishe mtu, na nywele za mwili hazitaonekana.

*Ngozi na nguo.* Negativi ni karatasi, na nyuzi za karatasi huingia kwenye picha. Utapata maumbo makubwa ya mwanga na kivuli; hutapata kope. Hill mwenyewe alisema ukwaruzo wa karatasi ndio uhai wa kalotaipu, na ninakubaliana naye kuhusu nyuso za wazee na nguo nzito za sufu. Kwa kijana mwenye ngozi laini na shati jeupe, hasara ni kubwa kuliko faida.

Kemikali hizi huona bluu na urujuani, hazioni nyekundu. Mistari ya bluu ya tatani hupauka, mistari myekundu huwa myeusi. Madoadoa ya jua kwenye uso wa Mskoti huzidi kuonekana. Ngozi ya kahawia au nyeusi hutoka nyeusi zaidi kuliko macho yanavyoiona. Dawa yake ni kuongeza muda mara mbili, kuleta mwanga kutoka ubavuni, na kumtafutia nyuma yenye rangi ya kati. Nyuma nyeupe itamgeuza kivuli kitupu.

*Vifaa na hatua.* Kamera ya mbao ya sentimita 15 kwa 20 hivi inatosha. Nyingi za Hill na Adamson zina ukubwa huo. Maji yawe yaliyotoneshwa, kwa sababu klorini ya bomba huigeuza nitrati ya fedha kuwa maziwa. Vaa glavu na miwani: nitrati ya fedha hutia doa jeusi ngozini na hupofusha jicho.

Kwanza, karatasi ya iodini. Yeyusha gramu 6.5 za nitrati ya fedha kwenye mililita 170 za maji, paka upande mmoja kwa brashi laini, kausha. Izamishe dakika 2 au 3 kwenye gramu 32 za iodidi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwenye mililita 570 za maji. Suuza, kausha. Itakuwa ya manjano hafifu na itatunzika kwa wiki nyingi gizani.

Pili, siku ya picha, chini ya taa nyekundu. Chupa A: gramu 6.5 za nitrati ya fedha kwa mililita 57 za maji, ongeza asidi asetiki kali kiasi cha moja ya sita ya ujazo huo. Chupa B: maji baridi yaliyoshiba asidi ya galiki, zaidi kidogo ya gramu 1 kwa mililita 100. Changanya A na B kwa kiasi sawa, kidogo tu, na haraka. Mchanganyiko huu hauhifadhiki. Paka juu ya karatasi ya iodini, subiri nusu dakika, ichovye kwenye maji, ikaushe kwa karatasi ya kunyonya. Piga ikiwa bado na unyevu.

Tatu, anza na dakika 1 juani kwa lenzi iliyofunguliwa f/5.6. Rudi gizani, paka tena mchanganyiko wa A na B, na picha itajitokeza taratibu. Talbot aliipasha karatasi joto. Pwani hakuna haja, tatizo litakuwa kuipoza. Kivuli kikianza kuchafuka, suuza. Iweke kwenye thiosalfeti ya sodiamu, dawa inayoondoa fedha isiyotumika ili picha isiendelee kubadilika, gramu 200 kwa lita, hadi umanjano uishe, kisha ioshe saa moja. Ikikauka, ipake nta ya nyuki na kuipiga pasi ya moto mdogo kati ya karatasi za kunyonya ili nuru ipite.

Nakala huchapwa kwenye karatasi ya chumvi: chumvi gramu 20 kwa lita, kausha, paka nitrati ya fedha ya asilimia 12, kausha gizani, bana chini ya negativi, anika juani hadi picha iwe nyeusi kupita unavyotaka, kwa sababu itapauka ikitiwa thiosalfeti. Nakala nyingi za zamani zilizogeuka njano hazikuoshwa vya kutosha. Usibane muda hapo.

*Kinachoharibika.* Karatasi yenyewe ndiyo adui mkuu. Karatasi nyingi za sasa za sanaa zimetiwa chokaa ili zidumu, na chokaa hiyo huila asidi yako. Picha hutoka na mabaka. Izamishe kwanza kwenye asidi ya salfamiki ya asilimia 10 hadi mapovu yakome, ioshe, ikaushe. Vidoa vyeusi vyenye mkia ni chembe za chuma ndani ya karatasi. Michirizi sambamba ni brashi iliyorudi mahali palipokwisha kunyonya. Ukungu mweusi wa jumla ni mchanganyiko uliokaa au joto: likizidi nyuzi 28 chumbani, ongeza maji kwenye A na B, na weka sahani juu ya barafu.

Hitilafu nyingine ni ya kibinadamu. Mtu mmoja hawezi kuandaa karatasi na wakati huohuo kumtuliza mzee aliyekaa juani. Hill alipanga watu, nuru na vitambaa; Adamson alishika kemia na kamera. Tafuta mwenzako.

*Nakala.* Nyingi kiasi, zote laini, hakuna mbili zinazofanana kabisa.

Inamfaa anayetaka maumbo, vivuli na watu wa kazi, na asiyechoka kushindwa mwanzoni: usitegemee negativi nzuri kabla ya karatasi kumi za kwanza.

Kolodioni mbichi, kwa mwendo wa wapigapicha wa baada ya 1851

Frederick Scott Archer, Mwingereza, alitangaza njia hii mwaka 1851, na ndani ya miaka michache karatasi ilikuwa imesukumwa kando. Kioo hakina nyuzi. Annan alimpiga David Livingstone mwaka 1864 kwa njia hii, na alama za jua la Afrika usoni mwa mtu yule zinasomeka moja moja.

*Mkao.* Sekunde 3 hadi 10 kwenye kivuli cha wazi kwa lenzi ya f/4. Mtu anaweza kusimama bila kuegemea, ilimradi kuna chuma chenye kikombe nyuma ya shingo yake. Chuma hakimbani, kinamjulisha tu alipokuwa. Mzigo wa haraka sasa umehamia kwako: kuanzia kioo kinapotoka kwenye fedha una dakika 5 hadi 10 za kupiga na kuibua kabla hakijakauka, na kwenye joto ni pungufu ya hapo.

*Ngozi na nguo.* Maelezo ya nguo, mishipa ya mikono na ndevu hayana mfano. Upofu wa nyekundu ni uleule wa kalotaipu, ila hapa hauna karatasi ya kuulainisha: chunusi, makovu na madoa huzidi ukweli. Ngozi nyeusi hupendeza sana ikipakwa mafuta kidogo na kuangaziwa kwa ubavu, kwa sababu kolodioni husoma mng'ao kuliko rangi; usipoongeza muda, mng'ao utabaki peke yake na sura itapotea. Kwa mafunzo ya misuli ya mwili uchi, hii ndiyo yenye uaminifu zaidi kati ya tatu.

*Vifaa na hatua.* Safisha kioo kwa unga wa chokaa, alkoholi na maji hadi pumzi yako itande juu yake bila alama. Mimina kolodioni iliyotiwa iodidi na bromidi katikati, izungushe pembe nne, irudishe ya ziada chupani. Subiri sekunde 10 hadi 15 igande. Izamishe dakika 3 kwenye nitrati ya fedha ya asilimia 9, yenye uchachu wa pH 4 hivi. Piga. Mwagia kiibuzi, yaani dawa ya kuibua picha, kwa mkupuo mmoja: salfeti ya feri gramu 15, asidi asetiki mililita 15, alkoholi mililita 15, maji mililita 355. Sekunde 15 hivi, kisha maji mengi. Tia thiosalfeti ya asilimia 20, osha, kausha, paka vanishi ya sandaraki. Wapo wanaosifu sianidi ya potasiamu badala ya thiosalfeti kwa sababu ni ya haraka na hutoa weupe safi. Ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua. Iache.

*Kinachoharibika.* Utando unaobanduka kingoni ni kioo kichafu au kingo zisizosuguliwa. Mabaka ya mviringo pembeni ni fedha iliyotuama kwenye kishikio cha kioo. Kifute kila mara. Mstari mzito katikati ni kiibuzi kilichosita wakati wa kumwagwa. Ukungu ni bafu ya fedha iliyopoteza uchachu au iliyoshiba alkoholi: ianike juani siku mbili, ichuje, pima uchachu upya.

Joto ndilo jambo la kulifikiria kabla ya kununua chochote. Kolodioni ina etha, na etha huchemka kwa nyuzi 34.6 tu. Chumba cha giza cha mabati huko Tanga saa saba mchana kinafika huko kwa urahisi, na mvuke wake hushika moto. Mskoti James Augustus Grant, aliyeingia bara la Afrika Mashariki na mpelelezi John Hanning Speke mwaka 1860, alikuwa amechukua jukumu la picha. Speke aliirudisha kamera Pwani kwa sababu joto la kihema cha kuandalia vioo lingemuua mwenzake. Grant akabaki na penseli. Ukiwa Arusha au Iringa hali ni nyepesi zaidi. Pwani, fanya kazi alfajiri, punguza makali ya kiibuzi kwa maji, ongeza asidi, na fungua madirisha yaliyozibwa mwanga lakini si hewa.

*Nakala.* Zisizo na kikomo ukipiga negativi. Ukipiga kwenye bati jeusi, moja tu, nayo imegeuzwa kushoto kulia: mkono wa kulia wa seremala utaonekana wa kushoto, na mwenyewe ataligundua hilo kabla yako.

Inamfaa mpangaji makini mwenye chumba cha giza hatua chache kutoka kwenye kamera.

Kulingana na hali yako

Kama mtu wako ni mzee, mgonjwa au ana mikono inayotetemeka, chagua mafuta. Kolodioni inawezekana akikaa na kichwa kikashikiliwa. Kalotaipu itamtesa.

Unataka mfululizo wa wavuvi, mafundi au wakulima mahali pao pa kazi, umbali mrefu kutoka nyumbani? Kalotaipu. Karatasi za iodini unaziandaa wiki kabla. Unachobeba ni chupa mbili, brashi na sanduku la giza. Kolodioni inakudai uhame na maabara nzima.

Unafundisha anatomia ya mwili kwa wachoraji: kolodioni, kwa nakala za darasani, halafu wanafunzi wachore kutoka kwa mtu hai. Wasichore kutoka picha peke yake, maana picha ya lenzi iliyofunguliwa sana ina jicho moja kali na sikio lililofifia.

Mnunuzi anataka kitu kimoja cha kutundika ukutani kwa miaka mia, basi mafuta, bila lami.

Huna pesa nyingi na uko mwanzoni, anza na karatasi ya chumvi peke yake kwa mwezi mmoja, ukibana negativi zilizochapwa kwa printa kwenye plastiki. Utajifunza brashi, fedha na kuosha kwa gharama ndogo kabla ya kuamua kati ya kalotaipu na kolodioni.

Na kama umefikiria kuchanganya, yaani kupiga picha kisha kupaka mafuta, hilo nalo ni la Kiskoti kabisa. Mchoraji William Etty alipigwa na Hill na Adamson alipotembelea Edinburgh mwaka 1844, na picha ya mafuta inayoonyesha sura yake, iliyoko National Portrait Gallery ya London, imefuata kalotaipu hiyo. Hapo ilifanikiwa, kwa kuwa ni mtu mmoja na mwanga mmoja. Picha kubwa ya Hill ya wachungaji ni jambo lingine. Aliimaliza mwaka 1866, miaka 23 baada ya kuianza, ikiwa na watu zaidi ya 450, na vichwa vyao vinaonekana vimebandikwa, kila kimoja kina jua lake. Kwa hiyo ukipanga kundi la wanaume kwenye kanvasi moja, wapige wote saa ileile ya siku, jua likiwa upande uleule, kamera kwenye kimo kilekile, na uandike mambo hayo matatu kwa penseli pembeni mwa kila negativi kabla hujaipaka nta.